Barua ya wazi kwa Manispaa ya Tabora: wastaafu tunaomba mahali pa kula pamoja

Kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Tabora, Mheshimiwa Meya na Waheshimiwa Madiwani,

Mwangaluka.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Kata ya Cheyo. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa watu wengi waliomo majumbani humu mjini, ambao hawatafika ofisini kwenu kulisema. Tunaomba ukumbi wa umma, siku moja kila wiki, saa za mchana, ili wastaafu na wazee wengine tuwe tunapika na kula pamoja. Tunaomba pia usafiri mara chache kwa mwaka wa kutupeleka matembezini. Chakula tutanunua wenyewe.

Mstaafu akishika kalamu kuiandikia Serikali, watu hutarajia aandike kuhusu pensheni, kikokotoo cha mafao au dawa. Hayo ni mazito, na namshukuru kila aliyeyapigania. Kikokotoo kimezungumzwa bungeni na kwenye vyama vya wafanyakazi, na mwaka 2024 Serikali ikapandisha malipo ya mkupuo kwa sehemu ya watumishi hadi asilimia 40. Kwenye madirisha ya hospitali kuna maandishi ya kumtaka kijana ampishe mzee. Yote hayo yana wasemaji. Lakini mtu aliyestaafu, anayelipwa pensheni yake kila mwezi na kupata dawa zake, anaweza kukaa ndani wiki nzima bila kuzungumza na mtu wa rika lake. Huyo hana msemaji, na ni kwa ajili yake ninaandika barua hii.

Tabora ina sababu yake ya kuwa na watu wa namna hiyo wengi. Huu ni mji wa watumishi. Reli ilifika hapa mwaka 1912, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Tangu hapo njia panda hii imeletewa magadi, yaani wasimamizi wa treni safarini, madereva wa treni, mafundi wa karakana na mastesheni masta kutoka kila kona ya nchi. Shule zikaleta walimu, hospitali zikaleta sisi, ushirika wa tumbaku ukaleta makarani, kambi ikaleta askari. Wengi tulikuja vijana kwa barua ya uhamisho, tukaoa na kuolewa, tukajenga Isevya, Cheyo, Ipuli, Kiloleni. Ukoo umebaki Kasulu, Ukerewe, Njombe. Hapa mjini jamaa zetu walikuwa watu wa kazini. Sheria inasema miaka 60 unatoka kwa lazima, na siku hiyo hupotezi mshahara peke yake. Unapoteza watu waliokuwa wakikuuliza kila asubuhi umeamkaje.

Semina za wastaafu watarajiwa nimehudhuria. Tulifundishwa uwekezaji, tukaonywa kuhusu matapeli wanaonusa kiinua mgongo, tukaambiwa tusikimbilie kujenga nyumba kubwa wala kununua daladala. Mafunzo mazuri na ya lazima. Hakuna aliyetuuliza: mkishatoka hapo, mtakuwa mnakutana wapi?

Jibu lilikuja lenyewe. Tunakutana misibani. Tunakutana benki siku pensheni inapoingia, na mkitaka kujua hali yetu, njooni mtuangalie siku hiyo. Mtu ameshachukua pesa yake, kaihesabu, kaifungia kwenye leso, lakini haondoki. Anasimama kwenye kivuli cha mwembe nje ya benki saa nzima na zaidi, akiulizana habari na wenzake: nani mgonjwa, nani kahamia kwa mwanawe Dar es Salaam, nani tumemzika. Zamani tulikuwa pia na uhakiki wa wastaafu, wa kuthibitisha kwamba tungali hai, ambao ulitukusanya kwenye foleni moja. Siku hizi mstaafu anaweza kujihakiki kwa simu ya mkononi akiwa sebuleni. Naishukuru hatua hiyo, maana foleni zile zilituchosha, na wenye magoti mabovu zilikuwa zinawatesa. Ila nafasi moja ya kuonana nayo imekwenda.

Kila mtaa wa Tabora una chama cha kufa na kuzikana. Nami ni mwanachama, nalipa. Sanda, turubai, sufuria kubwa, viti, vyote vipo stoo vikisubiri mtu afe. Siku moja tukiwa tumetoka makaburini, mama mmoja, mwalimu mstaafu, akauliza kwa nini zile sufuria zisitoke siku ambayo hakuna msiba. Hapo ndipo kikundi chetu kilipoanzia.

Hakina jina na hakijasajiliwa. Tunakutana Jumatano kwenye baraza la mmoja wetu. Kila anayeweza hutoa shilingi 2,000, asiye na hela huja na fungu la mboga au kopo la mkaa, na asiye na kitu huja vilevile. Tunapika ugali, maharage, kisamvu cha karanga, mlenda, na dagaa wa Kigoma tukiwapata kwa bei nzuri. Chumvi tunaweka kidogo kwa sababu ya wenye presha. Wakati wa kiangazi tunachemsha michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, mpaka inalainika kabisa, tunaichanganya na karanga zilizotwangwa, kwa sababu wenzetu kadhaa hawana meno ya kutafuna vitu vikavu.

Hapa niseme kama muuguzi, maana ndipo penye uzito. Katika miaka yangu ya wodini tulipokea wazee walioletwa wakitetemeka, jasho jembamba, wakisema maneno yasiyoeleweka. Nyumbani walidhani ni malaria imepanda kichwani, au mzee amelogwa. Tukipima, sukari imeshuka. Ukiuliza taratibu unakuta mgonjwa wa kisukari amemeza vidonge vyake asubuhi kwa uaminifu kama alivyoelekezwa, halafu hakula. Kwa nini hakula? Unga ulikuwepo. Hakuona sababu ya kuwasha jiko kwa ajili yake peke yake. Amekunywa chai ya rangi, akaketi, basi. Mjane aliyezoea kusonga ugali wa watu wanane hawezi kujizoeza mara moja kusonga wa mtu mmoja. Anapika leo, anakula kiporo kesho, keshokutwa anaruka. Hospitali itampa dawa na itamweleza ale mara ngapi kwa siku. Mtu wa kula naye haandikwi kwenye cheti.

Kwenye baraza letu nimewaona watu hao hao wakimaliza sahani na kuomba kuongezewa. Kuna bibi ambaye bintiye alituambia nyumbani huwa hali chakula. Kwetu anakula, kwa sababu anabishana na mwenzake kuhusu nani aliyeunguza maharage, na katikati ya mabishano chakula kinaingia.

Wanaume ndio walitusumbua, na nawaomba madiwani mnisikilize vizuri hapa. Mwanamke akistaafu ana jumuiya, ana kikoba, ana kwaya, ana majirani wa kuazimana chumvi. Mwanaume aliyetumikia reli miaka thelathini na zaidi alikuwa na reli. Tulipoanza, wazee wa kiume hawakuja. Waliona ni mambo ya jikoni. Tukawakaribisha, wakasema watakuja, hawakuja. Kilichowaleta ni kazi. Tulimwendea mzee mmoja, gadi mstaafu, tukamwomba atutunzie daftari la michango kwa kuwa kila mtu anamwamini. Akaja na kalamu mbili na rula. Daftari lile ningependa mlione: amelichora safu, jina, kiasi, saa ya kufika, saa ya kuondoka, na pembeni nafasi ya maelezo. Mtu akichelewa anaandikiwa sababu, kama treni. Mzee huyo sasa hufika kabla ya wapishi. Akaleta fundi wa karakana aliyeturekebishia jiko, naye fundi akaleta wenzake wawili wa bao. Wiki ambayo mmoja haonekani, saa ya kufika inabaki tupu kwenye daftari, na jioni hiyohiyo lazima mtu aende kugonga mlango wake. Kwa njia hiyo tulimkuta mwenzetu ameanguka bafuni, akapelekwa hospitali akiwa bado ana fahamu zake.

Wala jambo hili si geni huku kwetu. Vijiji vya Unyamwezi vilikuwa na iwanza, nyumba ya pamoja ambapo wanaume walipumzika, wakazungumza na kula pamoja, na wasafiri wa karne ya 19 waliopita Unyanyembe, eneo hili la Tabora, waliiandika. Mtu hakuachwa ale peke yake nyumbani kwake kama mgonjwa wa kutengwa. Mji umetupa nyumba za vyumba na mageti, na ile ya pamoja hatukuijenga upya.

Sasa baraza limetushinda. Mvua zikianza Novemba tunabanana ukutani mpaka Aprili, na nyumba yenyewe ni ya mtu, ana wajukuu wake. Tulikwenda kuomba ukumbi mmoja wa umma, sitautaja. Tulipokelewa kwa heshima, tukapewa bei ile ile ya harusi. Mchana wa Jumatano ukumbi huo huwa umefungwa kwa kufuli, viti vimepangwa vinakula vumbi. Meza nyingine tuliyofika kuulizia usajili, swali la kwanza likawa mradi wetu wa kiuchumi ni upi. Tulikosa la kujibu. Mradi wetu ni chakula cha mchana.

Hata tukipewa ukumbi leo kuna kitu kimoja kitatushinda, na nakisema waziwazi kwa sababu wazee wenzangu wanaona haya kukisema: choo. Vyoo vya kumbi zetu ni vya kuchuchumaa. Mtu wa miaka sabini na mitano mwenye magoti yaliyoisha mafuta akichuchumaa hainuki bila kusaidiwa, na hakuna mama anayetaka kuinuliwa chooni na mtu baki. Kwa hiyo wanachofanya ni kutokunywa maji. Nimewaona kwa macho yangu: anatoka nyumbani saa nne, anarudi saa tisa, jua la Septemba la Tabora mnalijua, na maji hagusi hata tone kwa kuogopa choo. Wengine wanatumia vidonge vya presha vya kutoa maji mwilini. Nikiwahimiza wanywe, wanatabasamu tu. Choo kimoja cha kukaa, na chuma cha kushikilia kilichofungwa sawasawa ukutani, kingetoa watu wengi majumbani kuliko hotuba yoyote. Tukikosa yote tunayoomba katika barua hii, choo hicho tusikikose.

Waheshimiwa, mtaniuliza fungu litoke wapi. Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mzee kama mzee hayumo. Sidai mgawanyo huo ubadilishwe kwa ajili yangu, na mkopo sitaki; vijana wetu wana shida kuliko sisi. Ninachosema ni kwamba katika mahesabu ya mwaka mzima mzee huonekana tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, tunapovishwa fulana, tunahutubiwa, tunapewa soda na kurudi nyumbani. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu mwaka 2003, na mabaraza ya wazee yameundwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Kabla vikao vya bajeti havijafunga, andikeni mstari mmoja wenye jina letu. Kufungua ukumbi ambao hauna kazi siku za wiki hakuhitaji fungu kubwa. Choo na chuma chake ni kazi ya fundi mmoja na siku chache. Muuguzi wa zahanati akija mara moja kwa mwezi kutupima presha na sukari, atawaona kwa mkupuo watu ambao wangemjia mmoja mmoja wakiwa wameshazidiwa, na mimi mwenyewe nitamsaidia kuandika kadi.

Kuhusu matembezi nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu najua kuna watakaosema mzee aliyekula na kutibiwa anataka utalii wa nini.

Wengi wetu tumeishi Tabora miaka mingi na hatujawahi kufika Kwihara. Ni karibu tu na mji. Livingstone alikaa pale kwenye tembe mwaka 1872. Stanley alipoondoka Machi, yeye alibaki akisubiri vifaa na wapagazi mpaka Agosti, kisha akaanza safari ambayo hakurudi. Watoto wa shule wanapelekwa, wageni wanatoka Ulaya kuja kuliona, na mwalimu aliyelifundisha tembe hilo ubaoni maisha yake yote analijua kwa picha ya kitabu. Kwa nini? Alipokuwa kazini hakuwa na muda. Sasa muda anao, na hana namna ya kufika. Bodaboda hawezi kupanda kwa nyonga zake, na bajaji ya kwenda, kusubiri na kurudi inakula hela ya wiki. Vivyo hivyo bwawa la Igombe, ambalo tumekunywa maji yake kwa miongo mingi. Vivyo hivyo boma la Wajerumani. Vivyo hivyo mahali panapokumbukwa mkutano wa TANU wa Januari 1958, ulipoamuliwa kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na tunao bado wachache waliokuwa watoto mjini siku zile na wanakumbuka wazazi wao walisema nini.

Shule zina mabasi yanayolala Jumamosi. Mkizungumza na wenye shule, na mafuta tukachangiana, basi moja linatosha. Ningependa hata zaidi tukienda pamoja na darasa moja la wanafunzi. Yule gadi wetu anaweza kusimama stesheni ya Tabora akawaonyesha watoto treni ya Mwanza ilivyokuwa ikitenganishwa na ya Kigoma, mabehewa yapi yanakwenda wapi, na taa ilivyokuwa ikipungwa usiku. Sasa reli ya kisasa inajengwa, na hao wanaojua ile ya zamani kwa mikono yao tunawazika mmoja baada ya mwingine.

Faida ya matembezi kwa mwili siihitaji kuieleza sana. Mtu anayejua kwamba Jumamosi ya wiki ijayo kuna safari, ananyoosha nguo, anamtafuta mwenye dawa ya macho, anatembea mpaka barabarani kujaribu miguu. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti likisema mtu mmoja kati ya sita duniani anaishi na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Niliposoma sikushangaa. Nimewafahamu kwa majina.

Wako watakaosema kazi hii ni ya watoto wetu. Watoto wetu wanatupenda. Wanatuma hela kwa simu, wanapiga Jumapili, na wako Dar, Mwanza, Geita, wanakotafuta riziki kama sisi tulivyoitafuta hapa. Na hata walio nasi nyumba moja huondoka alfajiri na kurudi usiku. Mwanangu hawezi kukumbuka nami mambo ya mwaka 1978. Hilo linataka mtu wa rika langu. Wako pia wazee wanaolea wajukuu. Hao waje nao, sahani za watoto tutaongeza.

Sharti moja tungeomba mlikubali: tusipangiwe viongozi. Kikundi kikianza kuwa na mwenyekiti wa kuteuliwa, mgeni rasmi na kamera, wale wanyonge ndio wa kwanza kuacha kuja. Tupeni ufunguo, tuachieni sufuria. Hesabu zipo kwenye daftari, afisa maendeleo ya jamii aje azikague siku yoyote. Wala msianze na kata zote kwa pamoja. Anzeni na mbili tatu, moja ya katikati ya mji na moja ya pembeni, muone baada ya mwaka ni nani amekuja na ni nani aliacha.

Tuko tayari kuja kuwaona na kulieleza hili kwa mdomo, mimi, mtunza daftari na mwalimu. Tunaomba iwe asubuhi kabla ya jua kukaza, chumba kiwe cha chini kisicho na ngazi, na jibu, liwe ndiyo au hapana, tulipate kwa maandishi ili tuwasomee wenzetu Jumatano.

Wenu katika kuujenga mji,

Muuguzi mstaafu,
Kata ya Cheyo, Tabora

Nakala:
Mkuu wa Wilaya ya Tabora
Afisa Ustawi wa Jamii wa Manispaa
Afisa Maendeleo ya Jamii wa Manispaa
Baraza la Wazee la Manispaa